Dalali na Mshika Kamba

Asubuhi ya siku aliyosimama akatazama mtu akiuawa, Khalif dalali alikuwa nyumbani kwake mtaa wa Iftin, mjini Garissa, akinywa chai ya maziwa na kubishana na binti yake juu ya Kiingereza.

Ifrah alikuwa mwalimu wa sekondari, na tumbo la mimba yake ya kwanza ndiyo kwanza limeanza kuonekana. Alikuwa akitayarisha somo la misemo. Ulikuwepo mmoja, alisema, wa mtu aliyewekwa kwenye mizani akaonekana amepungua, na kila mwaka wanafunzi wake waliuharibu. Mmoja aliandika kwamba shangazi yake aliugua malaria, akaenda kliniki, akawekwa kwenye mizani akaonekana amepungua.

"Na kosa liko wapi?" Khalif akauliza. "Shangazi si kapungua?"

"Aabo," akamwita baba yake, "si uzito wa mwili. Ni mtu aliyefikwa na jambo zito, watu wakamtazamia asimame, naye asisimame."

"Basi waseme ni mwoga, tumalize."

"Hapana. Mwoga anajulikana tangu zamani, hakuna anayepoteza muda kumpima. Msemo huu haumfai mtu ambaye hukutarajia kitu kwake. Unamfaa yule uliyeamini ametimia."

Khalif akacheka mpaka chai ikamwagikia kanzu. Alisema Waingereza ni watu wa kujitafutia taabu. Sokoni kwake hakuna mizani, ng'ombe anapimwa kwa jicho na kwa mkono, na binadamu atapimwa na Mola wake Siku ya Kiyama, na siku hiyo bado. Akajitupia shali begani, akachukua bakora yake, akatoka akitafuna kipande cha anjera. Alikuwa mtu mwenye raha zake.

Sasa, katika soko la mifugo la Garissa dalali hauzi ng'ombe tu. Anauza neno. Mnunuzi anatoka mbali, hamjui muuzaji wala ukoo wake, na hana njia ya kujua kama mnyama anayemnunua aliibwa jana. Kwa hiyo anamuuliza dalali swali moja: unamjua? Dalali akijibu namjua, mambo yamekwisha. Neno hilo maana yake ni kwamba ng'ombe akija kuonekana wa wizi, dalali atamtoa muuzaji hadharani hata kama amejificha uvunguni mwa kitanda cha mama yake. Khalif alikuwa amelilinda neno lake tangu ndevu zikiwa nyeusi, na watu walisema ukiambiwa namjua na Khalif, nenda kalale.

Muuzaji wa siku hiyo alikuwa mkwe wake, Hamze, mume wa Ifrah, aliyekaa naye nyumba moja. Alifika alfajiri na ng'ombe weupe, wanono, akisema amewatoa upande wa Ijara. Kila mmoja alikuwa na chapa pajani, mbichi, inayotoa majimaji, na chini ya moto mpya ulionekana moto wa zamani, kama jina la duka lililopakwa rangi juu yake kwa haraka. Khalif aliona. Dalali asiyeona kitu kama hicho aende akauze nyanya. Tena alikuwa amesikia, kama mji mzima ulivyosikia, kwamba wiki hiyo kule Ijara mchungaji mmoja aitwaye Maow alipigwa risasi akiwa ameinama kisimani na kundi lake likaswagwa.

Lakini kwa Wasomali, watu wa Khalif, mkwe hahojiwi mbele za watu. Ukimuuliza mume wa binti yako "umetoa wapi" huku mnunuzi anasikiliza, umemvua nguo yeye na umemvua nguo binti yako. Khalif akaamua atamuuliza jioni, faraghani, kwa heshima. Aliita heshima, nami sitabishana naye, ila ilikuwa pia ndiyo njia iliyomgharimu kidogo kuliko zote.

Mnunuzi, Kyalo kutoka Mwingi, akauliza swali lake.

"Huyu kijana unamjua, mzee?"

"Huyu ni mtu ya nyumba yangu, Kyalo," Khalif akajibu kwa Kiswahili chake cha soko. "Mimi namjua."

Wakaingiza mikono chini ya shali, wakabanana vidole, bei ikapatikana bila mtu wa pembeni kujua kitu. Kyalo na Hamze wakapanda tuktuk kwenda benki. Ng'ombe wakabaki na Gelle.

Gelle alikuwa mshika kamba. Alikuwa mkimbizi wa Dadaab, aliyekuja Garissa bila karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, na kila alipoona kofia ya polisi alijificha nyuma ya ng'ombe aliyekuwa karibu. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye tabia ya kuzungumza na ng'ombe na kungoja wamjibu. Khalif ndiye aliyempa kazi. Alijua mke wake anaitwa Fartun, alijua wana watoto wadogo, na Idi iliyopita alimpa Gelle kopo la maziwa ya unga awapelekee.

Saado aliingia sokoni jua likiwa limeanza kuchoma. Alikuwa dada yake Maow, mwanamke mrefu mwenye fimbo ya kuchungia, na nyuma yake vijana wa ukoo wake kutoka Ijara. Yeye ndiye aliyemkuta kaka yake kisimani, mdomo umejaa tope na nyuma ya kichwa hakuna kitu. Tangu siku hiyo hakuwa amelala wala kulia. Alipita kati ya mifugo akitazama mapaja, mpaka akasimama, akaita kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeita mtoto aje kula.

"Addey."

Ng'ombe mmoja mweupe akainua kichwa. Akaanza kwenda kwake, na kwa kuwa Gelle alikuwa amejizungushia kamba mkononi, akaburutwa naye. Ng'ombe akafika, akaweka pua kwenye shuka la Saado. Saado akamshika shingo, akashuka na mkono hadi pajani, akaigusa ile chapa mbichi, ng'ombe akaruka kwa maumivu. Hapo ndipo alipomtazama mtu aliyeshika kamba.

"Nani kaleta ng'ombe hawa?"

"Si mimi, eeddo," Gelle akasema, akimwita shangazi kwa heshima. "Mimi nashika kamba tu."

"Kamba ya nani?"

Vijana walikwishamzunguka. Mmoja alimkaba kola. Watu wa soko wakaanza kusogea, kwanza wale waliojua habari za Ijara, kisha wale wasiojua lolote ila walipenda kuona. Gelle akatafuta kwa macho juu ya mabega yao, akaiona kofia ya Khalif, na uso wake ukatulia.

"Muulizeni Khalif. Khalif ananijua."

Basi wakageuka, soko zima, kumtazama Khalif. Neno alilolisema maisha yake yote, kwa watu ambao wengine aliwafahamu kwa jina tu, sasa liliombwa kwa ajili ya mtu aliyemfahamu hadi jina la mke wake. Hakuna lililokuwa jepesi kuliko hilo.

"Unamjua huyu, adeer?" Saado akauliza, akimwita ami.

Khalif aliona mbele kama mtu anayetazama barabara iliyonyooka. Akisema anamjua, ataulizwa ng'ombe ni wa nani. Akisema ni wa nani, ataulizwa nani alimdhamini. Hamze atachinjwa kabla ya adhuhuri, na yeye mwenyewe huenda akachinjwa naye, na Ifrah atazalia nyumba ya matanga. Aliogopa.

"Simjui," akasema. "Vibarua hapa ni wengi."

Gelle akatabasamu. Alidhani mzee anatania, na alikuwa bado anatabasamu jiwe la kwanza lilipompata juu ya jicho.

Likafuata la pili, na la tatu halikuwa jiwe tena bali rungu. Akaanguka kwa goti moja. Saado akampiga fimbo ya mdomo, kwa mikono yote miwili, namna unavyompiga fisi uliyemkuta zizini, na meno yakatoka. Alimpiga tena na tena akitaja jina la kaka yake. Vijana wakapanda juu yake na viatu. Muuza maji aliyekuwa akipita alitua madumu yake, akaokota jiwe, akalirusha, akachukua madumu yake akaenda zake. Mkimbizi hana ukoo wa kumlipia kisasi Garissa, na kila aliyerusha alilijua hilo hata kama hakulitamka. Mnyonge hana haki, wahenga walisema, wakasahau kusema ni nani humnyang'anya.

"Adeer Khalif," Gelle aliita. Mara ya kwanza ilisikika vizuri. Mara ya pili maneno yalitoka na damu, lakini Khalif alielewa, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa akiitwa. Alikuwa hatua chache tu kutoka pale. Alifungua mdomo. Vumbi likamwingia, akaufunga.

Polisi walipofika na kufyatua risasi hewani, watu walitawanyika kama kuku. Ng'ombe naye akashtuka, akakimbia. Kamba ilikuwa bado imezungushwa mkononi mwa Gelle, kwa hiyo ng'ombe alimburuta katikati ya uwanja, uso chini, mpaka askari mmoja akaikata kwa kisu. Walipomgeuza, alikuwa amekwisha kufa. Saado hakuwa tena pale, na askari walipouliza, hakuna aliyekuwa ameona kitu.

Khalif alikwenda nyumbani kwa miguu. Alipita msikiti wakati wa adhuhuri bila kuingia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya akiwa na afya.

Hamze alikuwa ndani, amebadilisha shati, anakula wali. Alikuwa amerudi kutoka benki, akasikia kelele, akamwacha Kyalo na tuktuk na kuchepuka. Alipomwona Khalif alinyanyuka nusu, kwa adabu, mkono bado kwenye sinia.

"Nimesikia, aabo. Mungu akulipe. Umeiokoa nyumba yako."

Khalif akaketi akiegemea ukuta, akamtazama binti yake. Ifrah alikuwa amerudi kwa mapumziko ya mchana, na uso wake ulikuwa umekauka, maana jirani alikwisha kuleta habari.

"Ng'ombe wale aliwaleta nani?" akauliza. Hakumuuliza mumewe. Alimuuliza baba yake.

"Hamze."

"Na nani alimdhamini?"

"Mimi."

"Na aliyeuawa?"

"Alishika kamba. Aliniita, Ifrah. Aliniita kwa jina. Nikasema simjui."

Ifrah akakaa chini taratibu, mkono tumboni. Hamze akaacha kutafuna.

"Ule msemo wako," Khalif akasema. Sauti yake ilikuwa ya mzee, na asubuhi haikuwa hivyo. "Mtu akishapimwa akapungua, hupimwa tena?"

"Msemo hausemi, aabo. Unaishia hapo."

Kisha Ifrah akasimama, akachukua shali lake msumarini. Alisema anakwenda kwa wazee wa Ijara waliofikia karibu na soko, kuwaambia ng'ombe waliletwa na nani, kabla hawajaua mtu mwingine asiyehusika. Aliyasema kwa utulivu, kama anayetangaza ratiba ya mtihani.

Hamze akawahi mlango.

"Wewe ni mke wangu."

"Nipishe."

"Maow simjui, sikumpiga risasi mimi. Mimi niliswaga tu. Walionituma ndio wenye bunduki, na nikitajwa mimi watanimaliza wao kabla ya hao wa Ijara. Kaa chini."

"Nipishe, Hamze."

Hamze akampiga kofi la kumgonganisha na ukuta. Ifrah akateleza chini, akijikunja kulilinda tumbo. Hamze akainua mguu.

Bakora ya Khalif ilimpata juu ya sikio. Mzee alipiga kwa nguvu ambayo ingemfaa sokoni, na alijua hivyo wakati anapiga, na kujua huko kulimfanya apige tena. Alipiga shingo, alipiga kiwiko, sinia la wali likaruka. Hamze, damu ikimchuruzika sikioni, akakinyakua kisu cha kukatia nyama, akakikata kiganja cha Khalif kutoka kidole gumba hadi kifundo cha mkono. Bakora ikaanguka. Khalif hakukimbia. Alimkumbatia mkwe wake kwa mikono yote miwili, kiganja kilichopasuka juu ya shati safi, akamwegemea kwa uzito wake wote mpaka wakaanguka pamoja mlangoni. Kisu kikamwingia begani, kikatoka, kikamwingia tena. Akawa anapiga kelele kuita majirani, yeye ambaye asubuhi yote hakuwa na sauti.

Majirani walikuja. Walimkuta Hamze amebanwa chini ya mzee, anauma nguo kama mbwa. Wakamfunga. Wengine walitaka kummaliza palepale, na mmoja alikwisha kuokota tofali, lakini Ifrah akapiga magoti mbele ya mumewe, shavu limevimba, akasema leo damu imetosha, aitwe polisi. Gari la polisi likamchukua. Ofisa akamwambia Khalif ashonwe hospitalini kisha aende kituoni aandikishe, na Khalif akasema ataandikisha yote.

Hakuwa ameondoka uani Saado alipofika. Alikuwa peke yake. Alikuwa amesikia kwamba mwizi hasa amekamatwa Iftin, nyumbani kwa dalali, na alikuja haraka bila kuelewa, maana kwa hesabu yake mwizi alikwisha kufa. Fimbo ilikuwa mkononi, na ncha yake ilikuwa na rangi iliyokauka.

Akamwona Khalif amekaa kwenye gogo, Ifrah akimfunga bega kwa kitambaa cha leso.

"Wanasema ni mkweo."

"Ni mkwe wangu. Mimi ndiye niliyemdhamini."

"Na yule wa sokoni?"

Angeweza kujibu kwa namna nyingi. Angeweza kusema Gelle alikuwa mwenzake Hamze, na Saado angerudi Ijara amelipiza kisasi cha kaka yake, akalala usingizi. Khalif alilifikiria hilo. Aliona usoni mwa yule mwanamke kwamba ndilo jibu alilokuja kuliomba.

"Hakuwa na kosa," akasema. "Jina lake Gelle. Nilimjua vizuri. Ana mke, Fartun, yuko Dadaab, na watoto. Nilimpa kamba ile kwa mkono wangu."

Sauti iliyomtoka Saado haikuwa kilio bado.

"Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza kabla. Hakuna mtu alikuwa amempiga."

"Uliniuliza."

"Ningekuamini. Ungesema neno moja ningekuamini. Watu wote walisema, huyo mzee neno lake halipungui."

Khalif akavua kofia yake. Akainamisha kichwa chenye mvi, akakileta mbele kidogo, pale ambapo fimbo ingefika bila taabu. Hakuwa anaigiza. Aliitaka fimbo ile kuliko alivyotaka maji. Ifrah aliacha leso, akarudi nyuma hatua moja, na hilo lilimuuma baba yake kuliko kisu.

Saado akainyanyua fimbo. Akaiona ile ncha. Mikono ikashuka yenyewe.

"Unataka nikumalizie kazi," akasema. "Uende zako upumzike, nibaki mimi na damu ya watu wawili." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. Machozi yalikuwa yameanza sasa, mengi, ya kaka yake na ya yule mwingine kwa pamoja, na hakuyaficha. "Gari la Dadaab linaondoka saa ngapi?"

"Alasiri."

"Simama. Tunakwenda kwa mke wake. Atatuuliza nini kimempata mume wake, na wewe utaanza kusema. Mimi nitafuata."

Damu ilikuwa imelowesha leso na kuanza kudondoka kwenye mchanga. Khalif akauliza kama anaweza kupitia hospitali kwanza wamshone mkono. Saado akasema hapana.